Kambi mbili ndani ya kumbukumbu moja

Swali: "Mwalimu, salamu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Massachusetts, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Bibi ninayemtunza ana miaka 90, ni Myahudi, mzaliwa wa Mannheim, Ujerumani. Anasema alipokuwa na miaka mitano alifungwa kambini Ufaransa pamoja na mama yake. Anasimulia treni aliyokaa dirishani, tope lililomeza kiatu chake, choo cha kupanda ngazi, upepo usiolala, mwanamke aliyegawa maziwa, na jina ambalo halikuwa lake. Pia anataja minara ya walinzi na watu waliovaa nguo za mistari. Hadi leo huficha mkate chini ya mto. Mwanawe ameniambia nisiyatie maanani: eti alikuwa mdogo mno, Wayahudi walisafirishwa kwa mabehewa ya ng'ombe, na kambi zilikuwa Poland. Jioni bibi huniambia mama yake atakuja kumchukua. Nimwamini nani, na nimjibu nini?"

Dada, nianze na dirisha la treni, maana hapo bibi yuko sahihi na mwanawe ndiye aliyekosea.

Tarehe 22 Oktoba 1940, siku ya Jumanne, Wayahudi wakiwa katika sikukuu yao ya vibanda, polisi walipita nyumba kwa nyumba katika majimbo ya kusini-magharibi mwa Ujerumani: Baden, Palatinate na Saar. Wakuu wa chama cha Nazi katika maeneo hayo, Robert Wagner na Josef Bürckel, walitaka maeneo yao yabaki bila Myahudi hata mmoja. Wengine walipewa saa moja au mbili kufunga mizigo, wengine dakika chache tu. Ruhusa ilikuwa kilo 50 za mzigo na Reichsmark 100 kwa mtu mzima. Walichukuliwa watu zaidi ya 6,500, karibu 2,000 kati yao kutoka Mannheim peke yake. Hawakubagua umri: walibeba watoto wachanga, na mkubwa kuliko wote, mzee wa Karlsruhe, alikuwa na miaka 97.

Wakapakiwa katika treni tisa. Treni hizo hazikwenda mashariki, zilikwenda magharibi, kisha kusini, hadi Ufaransa. Wakati huo mpango wa kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya ulikuwa haujaanza kutekelezwa. Wakubwa wa Berlin walikuwa bado wanazungumzia kuwatupa kisiwani Madagaska, hapo jirani yetu. Kwa hiyo treni za Oktoba 1940 zilikuwa za abiria, zenye viti na madirisha. Safari ilichukua siku tatu hadi nne, na mtoto wa miaka mitano aliyekaa dirishani siku zote hizo ana haki kabisa ya kulikumbuka dirisha. Mabehewa ya ng'ombe ambayo mwanawe anayajua ni ya kuanzia 1942. Filamu zimetufundisha treni moja tu, na yeyote anayesimulia treni nyingine tunamwona muongo.

Sasa hilo neno "kambi". Kiswahili chetu kimelibebesha mzigo mkubwa. Skauti wanapiga kambi, wakimbizi wa Dadaab wako kambini, na wazee wa Nyeri wakisema "kambini" wana maana ya Manyani au Hola, yaani kizuizini. Kisha tukafika kwa Wanazi, tukasema kambi za mateso na kambi za mauaji. Zile za mauaji, kama Treblinka na Auschwitz-Birkenau, kweli zilikuwa katika ardhi ya Poland. Lakini Ufaransa ilikuwa na kambi zake nyingi za kizuizini, zikisimamiwa na Wafaransa wenyewe. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 1940 ya serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyobaki kusini baada ya kushindwa na Ujerumani na ikashirikiana nayo, iliwapa wakuu wa mikoa mamlaka ya kumweka kizuizini Myahudi yeyote mgeni, bila kosa wala kesi. Wiki mbili na ushee baadaye, treni tisa zikawasili bila Wafaransa kuulizwa. Walijua pa kuwaweka.

Mahali hapo paliitwa Gurs, karibu na mji wa Oloron-Sainte-Marie, chini ya milima ya Pyrenees. Kambi ilikuwa imejengwa kwa haraka mwaka 1939 kwa ajili ya Wahispania waliokimbia baada ya jamhuri yao kushindwa na Franco. Ilikuwa na barabara moja ndefu, na kila upande mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami: zaidi ya 380, kila moja la watu 60 hivi, bila madirisha ya kioo na bila vitanda. Watu walilala chini juu ya magunia ya majani makavu. Wanaume walitengwa na wanawake kwa seng'enge, na baba aliyetaka kumwona mtoto alihitaji kibali.

Na tope. Ukisoma shuhuda za Gurs, za watu wazima na za watoto, za Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, utakutana na tope kabla hujakutana na njaa. Udongo wa pale ni mfinyanzi, mvua za upande ule wa milima hazikatiki majira ya baridi, na maji hayakuwa na pa kwenda. Wazee walikwama wakiwa wanakwenda chooni, wakabaki wamesimama hadi mtu apite awavute. Kiatu kilichomezwa na tope la Gurs ni jambo la kawaida kiasi kwamba ningeshangaa kama bibi asingelitaja.

Choo cha kupanda ngazi nacho ni cha Gurs. Kilikuwa jukwaa lililoinuliwa kama mita mbili, matundu juu, mapipa chini, wazi kwa upepo na kwa macho ya watu. Mtoto wa miaka mitano ilimbidi kupanda ngazi telezi gizani, huku akiogopa kutumbukia. Hukuniandikia kama bibi anasumbuka kwenda chooni usiku. Kama anasumbuka, mwachie taa, na usimharakishe.

Majira yale ya baridi ya 1940 kuingia 1941 yaliua mamia ya watu kwa kuhara damu, homa ya matumbo na baridi yenyewe. Wengi walikuwa wazee. Makaburi ya Gurs yapo hadi leo, yana zaidi ya 1,000. Kama bibi alisafiri pia na nyanya au babu yake na simulizi zao zinakatikia Gurs, unaweza kukisia kwa nini.

Lakini upepo si wa Gurs. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa sababu barua yako imebeba kambi mbili na wewe umeziandika kama moja, bila shaka kama bibi anavyozisimulia. Machi 1941 akina mama wengi wenye watoto walihamishwa kutoka Gurs kwenda Rivesaltes, karibu na Perpignan, upande wa Bahari ya Mediterania. Serikali ilitangaza kuwa ni kambi ya familia, yenye hali nzuri zaidi. Ilikuwa kambi ya zamani ya jeshi katika uwanda wa mawe usio na miti, mabanda ya zege, inzi na viroboto wakati wa joto, na upepo unaoitwa tramontane ambao hushuka kutoka kaskazini-magharibi na kuvuma kwa siku nyingi mfululizo. Si kaskazi wala kusi, hauleti majahazi. Unapenya kila ufa, unang'oa vifuniko vya paa, unajaza vumbi katika bakuli la supu. Watu waliopita Rivesaltes husimulia upepo kama waliopita Gurs wanavyosimulia tope.

Akili ya mtoto haina kalenda. Mtu mzima hukumbuka kwamba alikaa Gurs kuanzia Oktoba hadi Machi, kisha akahamishwa. Mtoto hubaki na tope, na upepo, na mama akiwa katikati, na baadaye maisha yote anayashona pamoja kuwa "kambini". Mshono ndio wa baadaye, vitambaa ni vya wakati ule.

Mwanamke wa maziwa huenda alikuwa Mswisi. Shirika la Msaada wa Uswisi kwa Watoto liliweka wauguzi wake ndani ya kambi zenyewe: Elsbeth Kasser huko Gurs kuanzia Desemba 1940, na Friedel Bohny-Reiter huko Rivesaltes kuanzia Novemba 1941. Waliishi mle mle, wakipika uji na wali, wakigawa maziwa kwa watoto waliodhoofu zaidi. Waquaker kutoka Marekani nao walilisha watoto. Chakula cha kambi chenyewe kilikuwa kipande cha mkate kwa siku na supu ya maji yenye mizizi ambayo kwa kawaida walilishwa ng'ombe. Kikombe kimoja cha maziwa ya moto katika siku kama hiyo hakisahauliki kirahisi, hata kama sura ya aliyekigawa imefutika.

Minara na nguo za mistari ni habari nyingine, na hapa sitamtetea bibi kwa kila kitu. Gurs haikuwa na minara ya ulinzi, na wafungwa wa Gurs na Rivesaltes walivaa nguo zao wenyewe hadi zikachakaa mwilini. Nguo za mistari ni za Auschwitz, Dachau, Buchenwald. Yaelekea bibi aliziona kama sisi tulivyoziona, katika picha, baada ya vita. Je, ni uongo? Hapana. Mtu aliyebaki na vipande visivyo na maelezo huazima picha kutoka kwa wengine ili kuviunganisha, na baada ya miaka 80 haoni tena kipi ni chake na kipi cha kuazima. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba kitu kidogo, cha ajabu, ambacho hakuna filamu ingekionyesha, yaani kiatu, ngazi ya choo, kikombe, nakiamini haraka. Kile ambacho kila mtu anakitarajia, nakiweka kando mpaka nipate karatasi.

Mwanawe usimlaumu sana. Miaka mingi baada ya vita, watoto wa namna hii waliambiwa na wakubwa zao, hata na Wayahudi wenzao waliorudi kutoka Auschwitz: "Ninyi mlikuwa wadogo, hamkumbuki chochote, bahati yenu." Wakanyamaza. Mei 1991 ndipo walipokutana kwa mamia New York, watu wa miaka 50 na 60, wakaanza kusimulia kama walionusurika kwa haki yao wenyewe. Kisha mwaka 1995 kikatoka kitabu cha mtu wa Uswisi aliyedai kuwa alikuwa mtoto wa Kiyahudi kambini. Kilisifiwa dunia nzima, na miaka michache baadaye ikabainika hakuwa Myahudi wala hakuwahi kufungwa kambi yoyote. Kisa hicho kiliwatia watu shaka, na mzigo wa shaka ukawaangukia wa kweli. Kuhusu umri: watu wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Mitano ni umri wa kukumbuka vizuri tu, hasa jambo lililomtisha mtu.

Swali ambalo hukuliuliza, lakini limo katika barua yako, ni jinsi alivyopona.

Yaelekea alipona kwa sababu mama yake alikubali kumtoa. Najua neno hilo ni zito. Kuanzia 1941 shirika la Kiyahudi la kuokoa watoto, OSE, lilijadiliana na wakuu wa mikoa ili watoto waruhusiwe kutoka kambini kwenda kukaa katika nyumba za watoto. Wafanyakazi wake wa kijamii, wakiongozwa na mwanamke mmoja wa Alsace aitwaye Andrée Salomon, walikuwa wakiingia kambini na kuzungumza na mama mmoja mmoja. Mama angebaki, mtoto angekwenda. Wakati huo hakuna aliyejua kitakachofuata. Mama hakuwa akichagua kati ya uhai na kifo kama tunavyoona leo, alikuwa akichagua kati ya kukaa na mwanawe wote wakiwa na njaa na kumtuma kwa wageni ashibe. Wengine walikataa, na ningekuwa mimi sijui ningefanya nini.

Agosti 1942 mlango ukafungwa. Serikali ya Vichy ilikubali kuwakabidhi Wajerumani Wayahudi wageni kutoka eneo lake, na waziri mkuu Pierre Laval mwenyewe ndiye aliyependekeza watoto wa chini ya miaka 16 wachukuliwe pia. Kutoka Gurs walipelekwa karibu 3,900 kwa awamu, kutoka Rivesaltes karibu 2,300 kati ya Agosti na Oktoba, wote kupitia kambi ya Drancy, nje kidogo ya Paris, na kutoka hapo wengi wao Auschwitz. Sasa ndiyo yalikuwa mabehewa ya ng'ombe. Kama mama wa bibi alikuwa bado Rivesaltes majira yale, unaweza kuelewa kwa nini hadithi yake haina mwisho.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Agosti 1942, katika kambi ya Vénissieux karibu na Lyon, waokoaji walipita banda kwa banda wakiwaomba wazazi watie sahihi karatasi ya kuwaachia watoto wao. Hapo hapakuwa na muda wa mazungumzo ya upole. Watoto 108 walitolewa kwa basi kabla ya alfajiri. Mkuu wa mkoa alipowadai warudishwe, walikuwa wameshatawanywa, na mjini Lyon zikasambaa karatasi za siri zenye maneno: "Hamtawapata watoto." Katika shuhuda za wachache wa watoto hao kumbukumbu inayorudi ni mikono: mama aliyeshika, kisha mtu aliyeibandua mikono ile.

Hilo ndilo ningependa ulijue unapokaa na bibi. Watu hudhani jambo chungu zaidi kwa mtoto lilikuwa kambi. Kwa wengi haikuwa hivyo. Kambini walikuwa na mama. Jambo chungu lilikuwa kutoka, siku ambayo watu wote waliwaambia kuwa ni siku njema.

Jina ambalo halikuwa lake ni la baada ya hapo. Novemba 1942 Wajerumani, pamoja na washirika wao Waitaliano, waliteka sehemu iliyobaki ya Ufaransa, na nyumba za watoto zikawa mitego. Walioendelea kuishi pamoja walikuwa hatarini: Aprili 6, 1944, katika nyumba ya Izieu, watoto 44 na walezi wao 7 walikamatwa kwa amri ya Klaus Barbie, mkuu wa Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi) mjini Lyon, na hakuna mtoto hata mmoja kati ya hao aliyerudi. Kwa hiyo OSE, kupitia mtandao wa siri ulioongozwa na Georges Garel, ilianza kuwatawanya watoto mmoja mmoja kwa wakulima, masista na walimu, kila mmoja na karatasi bandia. Mtoto alifundishwa jina jipya hadi alitaje akiamshwa usiku. Alikatazwa Kijerumani. Wengi walijifunza sala za Kikatoliki, na baadhi wanazikumbuka hadi uzeeni kuliko za kwao. Vita vilipoisha kuna watoto waliokutana tena na mzazi aliyepona wakashindwa kuzungumza naye, kwa kuwa lugha ya nyumbani ilikuwa imekwisha kinywani.

Kwa hiyo bibi akianza kuongea Kifaransa jioni, au akikataa kuitikia jina lake, usidhani ni ugonjwa wa kusahau peke yake, ingawa huo nao unaweza kuwepo na daktari aambiwe. Akili ikizeeka, ya jana hutoka kwanza, ya utotoni hubaki. Mkate chini ya mto usiutupe mbele yake. Badilisha kimya kimya cha zamani kwa kipya, au mwekee biskuti katika kopo kando ya kitanda, ajue chakula kipo. Foleni, sare, mlango unaofungwa kwa nje, mtu anayemvua nguo haraka bafuni: hayo ndiyo ya kuangalia. Mweleze kila hatua kabla ya kuigusa. Wewe ndiye mwenye uzoefu wa kazi hiyo kuliko mimi, nakukumbusha tu chanzo chake.

Kuhusu karatasi, hilo ni la familia, si lako, lakini unaweza kumdokeza mwanawe. Hifadhi ya Arolsen nchini Ujerumani ina hati za mamilioni ya watu waliofungwa na kuhamishwa na Wanazi, na hutafuta bila malipo. Za Gurs ziko pia katika hifadhi ya mkoa mjini Pau, za Rivesaltes Perpignan. Atume jina la kuzaliwa la mama yake, la bibi yake mzaa mama, mji, na tarehe za kuzaliwa. Orodha za treni zilizotoka Drancy zilichapishwa na Serge Klarsfeld mwaka 1978, jina kwa jina, treni kwa treni. Mwanawe ajiandae kabla ya kuifungua, na asimsomee mama yake jioni.

Na hilo la jioni. Akikuambia mama yake anakuja kumchukua, usimwambie, "Mama yako alikufa zamani." Utampa msiba mpya kila siku, na kesho atakuwa ameusahau ili aupate tena. Wala usimwambie, "Ndiyo, yuko njiani," kwa sababu huenda aliahidiwa hivyo mara moja na akangoja. Vuta kiti ukae. Muulize mama yake amevaa nini leo. Akijibu, kwa lugha yoyote ile, liandike jibu pembeni pamoja na tarehe, umpe mwanawe.